Zamu ya Maji ya Shule Yetu

Niliporudi kutoka Norwei na stashahada ya ualimu niliyojilipia kwa kuosha vyombo, walisema sitamaliza muhula. Mjomba alitangaza mbele ya wageni: "Huyu amezoea theluji. Vumbi la Meru litamrudisha." Vijana, nilidumu mpaka kustaafu.

Siku ya kwanza katika shule ile ya binafsi, juu ya Makumira, Mkuu wa Shule alinikabidhi vipindi vya uraia na onyo moja: "Bomba hatuna. Tunaishi kwa mfereji."

Mfereji ule uliteremka kutoka mlimani, kila mwenye shamba akiwa na zamu yake ya maji. Aliyetaka zamu alijitokeza kwenye msaragambo, yaani siku ya wote kuzibua mfereji. Mkurugenzi, mwenye shule, aliyekaa Themi, mjini Arusha, alituma vibarua badala yetu. Wazee waliwanywesha chai, wakawarudisha, wakafunga maji ya shule mpaka msaragambo mwingine. Bila maji, wanafunzi wa bweni wangerudishwa kwao, na bila bweni shule ingekufa pamoja na ajira yangu.

Nilitumwa kwa Mwenyekiti wa Mfereji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unafundisha nini, mwalimu?"

"Uraia."

"Wale vibarua ni raia wa shule yenu?"

"Hapana, lakini..."

"Raia wenyewe wako wapi?"

Nikamfafanulia uwakilishi, mada niliyoongoza darasa zima Ulaya. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mkewe: "Mama, mletee mwalimu loshoro. Amechoka kusema."

Nilikula mahindi yale ya maziwa mgando, nikabadili mbinu. Zamu ya mtu ni mali yake, anaweza kumwazima amtakaye. Nikapita nyumba kwa nyumba. Mama Nasari, mjane jirani, alinipa yake ya Jumanne. "Chukua, Mnorwei. Mahindi yatavumilia, watoto hawavumilii." Wengine wakafuata. Bweni likabaki.

Msaragambo ulipofika, shule nzima ilitoka na majembe. Mkurugenzi alikuja na viatu vya ofisini, akazama tope hadi magotini. "Mkurugenzi, mfereji uko huku!" wakamzomea kina mama. Kwenye kikao cha wazazi mmoja aliwaka: "Nalipa ada mtoto achimbe matope?" Nikamjibu: "Ndiyo, mama. Ni uraia kwa vitendo, na hatukuongeza ada."

Maji yalifunguliwa. Nimefundisha walioshika vyeo, lakini uzeeni najivunia zaidi wiki zilizofuata, nilipowarudishia majirani zamu zao, huku Mkurugenzi akilalamika kwamba gari lake halioshwi. Mama Nasari alikuwa wa mwisho. Nilielekeza maji ya shule shambani kwake, nikapangusa mikono, nikaanza kuaga.

"Unakwenda wapi?" akauliza. "Maji uliyokopa yalikuwa yanafika mpaka kwenye migomba yangu kule chini."

Nikakunja suruali, nikashika jembe, nikayasindikiza maji mpaka mgomba wa mwisho.