Mchanga Kwenye Omena

Mjukuu wangu alipoletwa kwangu Kisegi likizo ya Agosti, mama yake alinipa onyo hata kabla hajashuka kwenye bodaboda. "Mama, huyu akishindwa na kitu, anakiharibu." Alikuwa amechana kitabu cha hesabu, akavunja mwiko kwa sababu ugali ulimtoka madonge, na sasa alikuwa hataki kujaribu jambo lolote jipya. Ana miaka minane tu, na tayari amejiamulia kwamba yeye ni mtu asiyeweza. Hilo liliniuma kuliko kitabu na mwiko.

Binti yangu ana duka kule Rodi Kopany na huruma kupita kiasi. Mtoto akiguna tu, yeye anamfanyia. Nilimwambia arudi dukani kwake aniachie msichana. Nimeanika omena, dagaa wa ziwa letu, hapa ufuoni tangu yeye mwenyewe akiwa mgongoni mwangu, na hasira za wakubwa na wadogo nazijua.

Asubuhi nilimpa mjukuu beseni la omena mbichi na kipande cha wavu kuukuu cha kuanikia. "Hizi ni zako," nikamwambia. "Zikikauka vizuri utampikia mama."

Alizitandaza taratibu, ulimi nje. Upepo wa ziwa ukaja, ukaukunja wavu, omena zote zikarundikana upande mmoja. Akatandaza tena, upepo ukakunja tena. Niliona kwamba hakuweka mawe pembeni. Nikaendelea kubana nyavu zangu kwa mawe, ingawa mikono iliniwasha kumsaidia.

Ghafla akapiga teke. Mchanga ukaruka, ukamwagikia omena zake mwenyewe. Hapa kwetu hakuna kosa baya kuliko hilo, maana omena zenye mchanga hata paka huzikimbia. Akajitupa chini akinililia mimi bibi yake kwa Kijaluo, "Dani, otama! Imenishinda!"

"Mama, si umsaidie?" akaniambia jirani aliyekuwa akianika karibu nasi. "Mtoto analia."

"Wacha alie. Macho ni yake."

Nikaenda kuketi kando ya mtoto, miguu nimeinyoosha. "Umekasirika?"

"Sana!"

"Hata mimi ningekasirika. Hii upepo haina adabu."

Akacheka kidogo katikati ya kilio, kisha akakasirika kwamba amecheka. Sikumwambia anyamaze, wala sikumwahidi kwamba atafaulu. Nilimwambia nitakaa naye mpaka hasira zipungue, na kwamba maji ya kusuuzia hayataisha, tuna ziwa zima mbele yetu.

Alilia mpaka kilio kikamchosha. Akainuka bila kunitazama, akazizoa omena, akazisuuza beseni baada ya beseni. Aliporudi kuzitandaza alisimama kwanza, akaziangalia nyavu zangu kwa muda. Halafu akaenda kutafuta mawe. Nilifurahi hadi nikajifanya nafunga leso upya, asinione.

Jumamosi mama yake akaja. Mtoto akapika omena zake mwenyewe kwa nyanya na vitunguu, mimi nikasonga ugali, tukaketi mezani. Binti yangu akatia tonge mdomoni, nikasikia meno yakisaga. Nikatia langu, nami nikasaga. Namjua binti yangu, alikuwa tayari kusema ni tamu sana. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Mtoto naye akatafuna. Akaacha. Macho yakajaa machozi, mkono ukaikamata sahani kwa ukingo, nami nikajiandaa kuidaka.

Akaiachia sahani. Akafuta macho kwa kiwiko.

"Iko mchanga," akasema. "Dani, kesho unipatie zingine, nioshe mpaka iishe. Lakini hizi tukule."

Tukazila zote, na mchanga wake.