Kicheko cha Fundi Mcha

Fundi Mcha alizaliwa Tumbatu, akaja Bububu akiwa kijana kumfuata mjomba wake mwenye cherehani, na hapo kando ya barabara ndipo alipobaki. Skuli hakwenda. Alijua Kurani yake, alijua kukadiria kiuno cha mtu kwa jicho, na alikuwa na kicheko cha puani ambacho ukikisikia unajua amekufahamu zaidi ya ulivyotaka.

Mimi nilirudi kutoka Moscow mwaka 1969 na shahada, koti zito lisilo na kazi hapa kwetu, na majivuno tele. Nilikuwa nikisomesha mjini. Alasiri nikirudi nyumbani nilipita kwa Mcha, nikawa namsomea riwaya moja ya zamani ya Kirusi, naifasiri papo hapo huku yeye anashona. Ilikuwa habari ya mji mmoja na wakubwa wake. Mmoja aliamuru watu walipigie makofi gari lake hata likipita tupu. Aliyemfuatia akapiga marufuku kwenda miayo mbele ya picha yake. Mcha akacheka, akausimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani.

“Huyu aliyeandika,” aliuliza, “hao wakubwa walikuwa hai bado?”

Nilimweleza kuwa enzi zile kila kitabu kilipita kwanza kwa wakaguzi wa serikali, kwa hiyo mwandishi alisingizia kuwa ni mambo ya miaka mia nyuma. Mcha akatazama barabarani, akaniomba nisome kwa sauti ya chini. Mwezi mzima alicheka palepale panapostahili. Wanafunzi wangu, nikiwaeleza ukurasa huohuo, walinukuu tu madaftarini.

Sasa aibu yangu. Mwaka 1971 mjini palikuwa na maonyesho ya vitabu kutoka nchi rafiki. Afisa mmoja wa serikali aliishika riwaya ile pale mezani, akaniuliza mimi nijuaye Kirusi ina nini. Ningejibu kuwa ni vichekesho vya Warusi wa zamani, yangekwisha. Lakini nilitaka aone nilichosomea. Nikamfungulia fumbo lote, nani amekusudiwa wapi na kwa hila gani. Akatabasamu, akasema watu wetu hawawezi kufahamu mambo mazito kama hayo. Nikaudhika. Nikamwambia hata Mcha, fundi cherehani wa Bububu, amekifahamu kitabu chote, na tena ameuliza kama wakubwa wale walikuwa hai. Afisa akaandika jina. Nilimwona anaandika, mpumbavu mimi, nikadhani amevutiwa.

Mcha alichukuliwa Alhamisi, baada ya sala ya adhuhuri. Mkewe, Bi Mize, alinijia akasema hajui mumewe amekosa nini, akaniomba mimi msomi nimuulizie. Nikamwambia nitauliza. Sikuuliza popote, niliogopa, wala sikumwambia jina lile lilitoka kinywani mwa nani. Mimi hakuna aliyenigusa.

Alirudi baada ya siku kumi na tisa, amekonda, amenyolewa kichwa. Kwa wiki mbili nilipita njia ya nyuma. Mwisho nilikwenda dukani kwake na kitambaa cha suruali, kisingizio tu, maneno ya kuomba radhi nimeshayapanga moyoni.

“Fundi,” nikaanza, “kile kitabu...”

“Kitabu gani, Mwalimu?” Alikuwa anatafuta futi yake. “Mie sikufahamu kitu mle. Wewe ukisoma, mie nkicheka kwa adabu tu.”

Akanipima kiuno, akanipima mguu, akarudia. Zamani alinikadiria kwa jicho tangu niko barabarani. Safari hii hakuniinulia uso kabisa. Nikayameza maneno yangu. Kumwomba radhi kungekuwa kumtaka akiri kwamba alifahamu, na akiri mbele yangu. Mwandishi wa Kirusi alijificha nyuma ya miaka mia, Mcha akajificha nyuma ya ujinga asiokuwa nao, na mkaguzi ambaye Mcha alikuwa akimkwepa nilikuwa mimi.

Suruali ilinikaa vizuri. Sijaivaa hata siku moja.