Kuku wa Mama Kanyere Lazima Alale

"Kuku yangu, hata mutu hana jino ataikula na ulimi tu."

Mama Kanyere aliyasema hayo mbele ya shirika lote, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, baada ya misa, mikono kiunoni, bila mtu kumwuliza. Mwezi uliofuata mtu huyo akapatikana: mzee Melchior wa Beni, babu ya kijana anayetaka kumwoa Bénite, binti wa Mama Kanyere. Alikuwa amebakiwa na meno mawili, tena yasiyojuana, moja juu kulia, lingine chini kushoto.

Shirika likakumbuka. Watu wetu husahau mahubiri kabla hawajafika mlangoni, lakini majigambo ya jirani, hapana.

Mama Kanyere hufuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba yake Butembo, weupe, wanene, wanaotembea kama ofisa aliyetoka kupokea mshahara. Huwaita kwa sauti laini ambayo binadamu hatujawahi kuisikia. Shida siyo kuku. Shida ni desturi. Kwetu mkwe lazima amwone kuku hai, amshike, ampime kifua, ndipo kisu kitoke. Ukimletea sahani tu, atasema njiani kwamba mlimlisha kuku wa frigo, aliyeganda kwa barafu. Basi kuku anatoka mikononi mwa mgeni na kuingia moja kwa moja kwenye sufuria, nyama imekaza, na wakwe wengi wamerudi kwao wameshika taya.

"Kuku akikufa anakaza," Mama Kanyere alimwambia Bénite. "Umuache alale kwanza, njo mwili unalegea."

Kwa hiyo siku moja kabla ya wageni akachinja, akampaka kuku chumvi, akamfunika ndani ya beseni, kazi iliyobaki akaiachia baridi ya Butembo. Asubuhi akamweka sufuriani juu ya makaa machache, na nyanya na kitunguu. Bénite alipotaka kuongeza moto, akapigwa mkono.

"Mais we, unapika ao unachoma nyumba? Maji isiruke. Itetemeke tu, kama mutu anaomba ruhusa."

Wageni walipofika, mzee akaletewa kuku mwingine, hai, anayechechemea. Akampima kifua, akaridhika. Kuku akapelekwa nyuma, na kisu kikanolewa kwa kelele ili kila mtu asikie.

Chakula kikaja baada ya muda wa heshima. Shirika, lililofika eti kusaidia kuosha sahani, likayakazia macho yale meno mawili. Mzee akaweka paja mdomoni. Akatoa mfupa mtupu. Akachukua lingine.

Ndipo mlango wa nyuma ukasukumwa, na kuku anayechechemea akaingia, akaanza kuokota wali chini ya kiti cha mzee.

Ndoa ya Bénite ilikuwa pale chini, inakula wali.

"Mama mukwe," Melchior akasema polepole, "huyu nilimushika kifua."

"Ndiyo, baba. Huyo unakula alilala tangu jana. Heri muniite muongo, kuliko ukose kula."

Mzee akatafuna kwanza. Kwa meno mawili, huo ni mkutano mrefu.

"Miaka yote wananionyesha kuku hai, na ninarudi na njaa. Bénite anajua kupika hivi?"

"Anajua. Anapenda moto mingi, lakini ninamupiga."

"Donc Bénite ni wetu. Na huyu wa mguu, munifungie. Kule Beni tutamuonyesha kila mukwe, na hatachinjwa hata siku moja."

Sasa Mama Kanyere anauza namna mbili. Kuku hai ni dola kumi. Aliyelala ni dola kumi na mbili.