Koti la Mlinzi Kwenye Theluji

Jumamosi iliyopita nilipanda basi la matembezi kutoka Johannesburg kwenda kwenye theluji, milima ya Lesotho. Aliyekaa pembeni yangu alikuwa mlinzi anayeishi Turffontein, mtaa wa huko huko Johannesburg, mtu wa Tanga, aliyejibana muda mrefu ili naye ateleze walau mara moja. Alichoweka kilitosha nauli na kukodi mbao za kutelezea. Nguo za theluji hakuzimudu, akavaa koti lake la kazini, lile lenye mistari inayong'aa.

Tulipofika alisimama chini ya mteremko akijipa moyo. Mama mmoja akamjia na kumkabidhi fimbo zake za kutelezea. "Nishikie, kaka. Asante sana." Akazipokea kwa mikono miwili. Kufumba na kufumbua, wengine wakamletea mabegi, na mmoja akamuuliza choo kiko wapi. Mpaka tunaitwa kuondoka alikuwa bado analinda mizigo, na mbao zake hazijagusa theluji.

Ndani ya basi nikamuuliza, "Kaka, mbona hukuwaambia kuwa nawe ni mteja?"

Akainamisha kichwa. "Nilitaka kusema. Lakini yule mama alikuwa ameshasema asante."

Simu yake ikaita. Alikuwa mkewe. "Baba watoto, umeteleza?"

"Eish, nimeteleza sana," akajibu, akageukia dirishani.

Wasomaji wangu, anayetutukana tunajua kumjibu. Anayetudharau huku akitushukuru, sijui nani alitufundisha tumjibu nini.