Pua ya Fundi wa Matangi

Katika gereji zote za mtaa ule, aliyekubali kuziba tangi la petroli lililotoboka alikuwa mmoja tu, na watu walimwita Maji. Jina lilitokana na utaratibu wake. Akishalishusha tangi chini ya gari, alilimwaga, akaliosha kwa maji moto na sabuni ya unga mara tatu, akaliacha wazi juani siku nzima, kisha akamwita mwenye gari aje alinuse. Baada ya hapo aliligeuza tundu likae juu, akalijaza maji mpaka ibaki hewa ya vidole viwili tu, ndipo akawasha gesi ya kuchomelea. Mafundi wa jirani walimuuliza kama anaziba tangi au anafuga samaki. Alicheka nao, akaendelea kumimina.

Hilo la kuitwa wanuse, wateja walilichukulia kama uungwana. Kumbe fundi hakuwa na njia nyingine. Kwa miaka saba pua yake ilikuwa haimwambii ila jambo moja. Chai ilinuka petroli, taulo lilinuka petroli, hata utosi wa mtoto wake mchanga, alipoubusu, ulinuka petroli.

Ilianza na kifo cha kaka yake. Siku hizo walifanya kazi wawili, kaka akichomelea, yeye akiosha. Waliletewa tangi la gari lililokaa miezi bila kuwashwa, kavu kabisa. Tangi kavu humlaghai mtu, kwa maana petroli huisha lakini mvuke wake hubaki umejibanza kwenye kona. Aliliosha mara moja, akainama, akanusa, akasema ni safi. Kaka hakuwa na sababu ya kutilia shaka pua iliyoweza kutofautisha petroli na mafuta ya taa kutoka ng'ambo ya barabara. Akawasha.

Watu walisema ajali haina kinga, naye akaitikia. Hakumwambia yeyote kwamba siku hiyo alikuwa na mafua, pua zimeziba kama chupa yenye kizibo.

Sasa shemeji yake, mjane wa kaka, aliyeshona sare za shule upande wa pili wa ua wao, aliamua kulifufua gari la marehemu ili awapelekee wateja mizigo. Tangi lilikuwa limeliwa na kutu kwenye mshono. Aliziba ufa kwa sabuni ya kipande, ikashika siku mbili, matone yakaanza tena. Akalileta kwenye toroli.

Maji aliliosha mara tatu, akalianika. Kesho yake shemeji alipokuja, badala ya kumwita anuse, aliliosha mara ya nne, kisha ya tano. Shemeji alikaa juu ya tairi kuukuu akimtazama.

"Shemeji, hilo tangi litaisha kwa kuoshwa."

Maji akamwomba anuse, macho yake yakiwa kwenye ndoo.

"Mwenye pua si wewe? Mimi ninuse nini?"

Angeweza kutania, maana utani wa mashemeji hauishi. Ulimi ulikataa.

"Pua yangu haifai. Siku ile nilikuwa na mafua, shemeji. Nilimwambia kaka ni safi, na sikuwa nasikia harufu ya kitu chochote."

Shemeji aliokota uzi kwenye gauni lake, akauviringa kidoleni mpaka ukakatika.

"Najua. Asubuhi ile tangawizi nilikuchemshia mimi."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza, ungejibu. Nilitaka useme mwenyewe. Kila mwaka nilijiambia, mwaka huu atasema."

Akainuka, akapiga goti mbele ya tangi, akaweka pua kwenye tundu la kumiminia. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Bado. Kona ya kushoto."

Maji akaliosha mara ya sita. Shemeji akanusa tena, akasema sasa ni safi. Maji aliinama naye, akaisikia harufu ileile, kali kama ya siku ile. Alilijaza maji, akamwomba atoke nje. Shemeji alitoka mpaka ng'ambo ya barabara, akasema watoto wake wamebakiwa na mzazi mmoja.

Fundi aliwasha gesi, moto ukashika. Maji yalichemka chini ya bati, mshono ukafunga. Alilimwaga, akalipulizia hewa ndani, akapaka povu la sabuni juu ya mshono, kisitoke hata kiputo kimoja. Shemeji alipakia tangi lake kwenye toroli, akaondoka bila kusema asante wala nimekusamehe.

Wiki iliyofuata liliingia tangi la lori. Mwenye lori alikuwa safarini. Maji aliliosha, akasimama mbele yake akinusa petroli isiyokuwepo, au iliyokuwepo. Kisha akavuka ua, akasimama mlangoni kwa shemeji. Hakujua aanzeje.

Shemeji alitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

"Umeliosha mara ngapi?" akauliza, akavaa ndala zake.