Usukani Uliozunguka Bure

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kuliko siku niliyooa, na bibi yako asinisikie.

Nilikuwa na pikapu kuukuu ya kushusha viazi kutoka Isongole. Nikaifungia matairi makubwa, yakawa yanakwaruza bodi kila kona. Dawa yake ni kuinua bodi juu ya chesisi, ile fremu ya chini inayobeba gari: unaweka vipande vya chuma katikati, unakaza kwa bolti ndefu. Nikaipeleka kwa Mzee Ambakisye, fundi wa Msasani ya huku kwetu. Akataka siku tatu. Mimi nami, mtu ambaye hata akiuziwa mkungu wa ndizi huomba na kamba, nikamwambia tufanye moja.

"Chuma hakipatani, kijana," akasema. "Bodi ikipanda, usukani unapanda nayo, ila magurudumu yanabaki chini. Lazima nirefushe chuma kinachoviunganisha."

Siku ya kwanza akainua bodi. Jioni ikaja taarifa ya msiba kijijini Kisiba, na kwetu msiba haungoji fundi amalize. Akaondoka, akiniachia neno moja: gari lisitoke.

Asubuhi nikaenda gereji kwake, nikahesabu bolti, kumi. Nikarudia, kumi. Nikazungusha usukani, matairi yakafuata. Nikajiambia mzee anavuta siku tu. Nikampakia mama, naye alikuwa anakwenda kwenye msiba uleule.

Karibu tufike, kwenye mteremko wenye kona, nikakata kushoto. Usukani ukawa mwepesi, mwanangu, mwepesi kama sinia mkononi. Nikazungusha tena na tena. Gari likanyooka vilevile, likavamia migomba, likasimama. Mbele yetu ilibaki migomba mitatu, kisha korongo. Nikaihesabu mara mbili. Ilikuwa mitatu kweli.

Mama hakulia wala hakunigombeza. Alinitazama kama mtu asiyenijua. 

Waombolezaji wakaja mbio, Mzee Ambakisye akiwa mmojawapo. Akainama chini ya gari, akanionyesha: kile chuma cha usukani, ambacho hakuwa amekirefusha bado, kilikuwa kimeshikilia kwa ncha tu, upana wa kidole, kikachomoka.

"Ulihesabu nini kabla ya kutoka?" akaniuliza taratibu.

"Bolti, mzee. Kumi."

"Na mama yako ulimhesabu?"

Nikaenda kumfungulia mama mlango.  Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilibaki zima, na ndiyo maana naona aibu zaidi, kwa kuwa guu ambalo lingevunjika halikuwa langu.

Basi mwanangu, patana sokoni mpaka muuzaji akuchoke, ni haki yako. Lakini fundi akikutajia siku za kazi inayobeba roho za watu, usimpunguzie hata moja. Na ukiinua kitu chochote, gari au hata maisha yako, uliza kwanza kimeshikana na nini huko chini.

Kyala, Mungu wetu, akupe mikono yenye subira, na kila utakayempakia ashuke kwa miguu yake mwenyewe.