Jina Langu kwenye Ukuta wa Shule

Asubuhi ile mimi na kaka yangu pacha tuligombania muhogo wa kuchoma. Tulikuwa na miaka tisa. Kwetu Burundi pacha wa kwanza huitwa Bukuru, wa pili Butoyi. Mimi ndiye Butoyi. Mama aliukata muhogo, akasema aliyetangulia kuzaliwa atangulie kuchagua. Bukuru akachukua kipande kikubwa, kama kawaida yake. Nilinuna njia nzima, na tulipofika shuleni nikakataa kukaa naye. Nikahamia dawati la karibu na mlango.

Askari walianza kupiga risasi kupitia madirisha.

Nilitoka mlangoni. Sikumwita.

Mama alinikuta kwenye migomba. Baba alikuwa ameshachukuliwa na askari. Tulitembea siku nyingi hadi tukaletwa Ulyankulu, makazi ya wakimbizi huku Tabora, tukapewa jembe na kipande cha pori. Karani aliyetuandikisha alikuwa Mnyamwezi. Aliposikia mimi ni pacha wa pili, akaandika Doto, kama wanavyowaita kwao. Mama alishukuru. Tuliogopa kwamba waliotufukuza watatufuata, na wengi pale makazini waliyaficha majina yao.

"Kuanzia leo wewe ni Doto," Mama aliniambia. "Akija mtu kumuulizia Butoyi, hayupo."

Nimezeeka na jina hilo. Nimelima tumbaku nalo, nimezaa nalo, na uraia nimepewa nalo.

Mwaka huu nilipata ujasiri. Nilipanda treni Tabora hadi Kigoma, njia ileile ya misafara ya zamani ya pembe na watumwa, kisha nikavuka mpaka. Shule yetu sasa ni makumbusho. Hawakuipiga plasta, matundu ya risasi yamebaki, na dawati la mlangoni lipo. Nililigusa nikalia.

Ukuta wa nyuma umeandikwa majina ya waliokufa. Nilitafuta la Bukuru, nikasoma kila jina mara mbili. Halikuwemo. Lililokuwemo ni langu: Butoyi, pacha wa Bukuru, na jina la baba yetu.

Nilimuuliza dada anayetunza makumbusho ni nani aliyeliandikisha. Akasema ni kaka pacha wa marehemu, seremala, aliyepona siku ile kwa kuruka dirisha la nyuma. Yeye ndiye aliyeyatengeneza upya madawati yote. Alizikwa mwaka juzi. Kwa miaka mingi alikataa dada yake aandikwe, mpaka alipotuma mtu Ulyankulu kumtafuta, na mtu huyo akarudi kusema Butoyi hayupo.

Nilimkumbuka mtu huyo.

Alisimama uani kwangu na baiskeli, nami nikichambua tumbaku. Alinisalimia kwa Kirundi, akauliza kama namjua Butoyi, mwenye pacha. Mama alikuwa ameshafariki, lakini nilikuwa bado namtii. Mtu mzima, mama wa watoto watano, nikaogopa. Sikumuuliza hata ametumwa na nani.

"Hapa hakuna Butoyi," nilimwambia.

Nikampa maji. Akanywa, akashukuru, akaondoka.

Yule dada aliniona nimeng'ang'ania ukuta. Akaniuliza kwa upole, "Bibi, ulimfahamu huyu?"

Nilitaka kukana tena. Mazoea mabaya hayo. Safari hii nikasema, "Ni mimi."

Akauliza kama walifute jina. Nikamwambia waliache. Bukuru ndiye aliyeliweka pale, na sina kitu kingine kutoka kwake.